Je, Wajua? Mzani Ukigoma

Je, wajua kwamba kilo mbili za kwanza ulizowatangazia majirani huenda zilikuwa maji matupu? Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kiasi cha nusu kilo hivi. Akiba hiyo huitwa glikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha ugali na wali Jumatatu, glikojeni ndiyo inayoliwa mwanzo, maji yake yanaishia chooni, na kufikia Jumapili mzani umeshuka mpaka unatamani kumpigia mtu simu. Wiki ya tano, mzani huohuo hausogei.

Wiki yangu ya tano ilinikuta kando ya kituo cha daladala, kwa yule kijana mwenye mzani wa kusimamia na kiti cha plastiki, anayepima watu kwa sarafu ya mia mbili. Kilo 84. Wiki iliyotangulia, 84. Iliyotangulia hiyo, 84. "Mama, wewe umeganda," akaniambia, na tangu hapo sijasikia neno la kitaalamu linaloeleza hali hiyo vizuri zaidi. Safu ya leo ni ya walioganda.

Je, wajua hesabu ya kalori 7,700 ilikotoka? Karibu kila aliyewahi kufanya dayati ameambiwa: punguza kalori 500 kwa siku, utapungua karibu nusu kilo kwa wiki, maana kilo moja ya uzito ina kalori 7,700 hivi. Hesabu hiyo ni ya daktari wa Marekani, Max Wishnofsky, aliyeiandika mwaka 1958. Yeye aliipiga kwa ratili, kalori 3,500 kwa ratili moja. Kwa mwezi wa kwanza haikosei sana. Tatizo lake ni kwamba haina breki. Ukiifuata ilivyo, mtu wa kilo 90 anayepunguza kalori 500 kila siku hatabaki hata kivuli kabla ya miaka minne kwisha.

Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha hesabu nyingine kwenye jarida la Lancet, inayokumbuka kwamba mwili ukipungua, matumizi yake nayo hupungua. Kwa hesabu yao, kila kalori 24 utakazoondoa kwenye chakula cha siku, na ukadumu hivyo, zitakuondolea kilo moja. Moja tu, basi. Tena nusu ya kilo hiyo huchukua mwaka mzima kutoka, na karibu yote huwa imetoka baada ya miaka mitatu. Kalori 24 ni kijiko kimoja na nusu cha sukari kwenye chai.

Kwa maneno mengine, kuganda kumo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza. Ulianza na pengo kati ya unachokula na unachotumia. Kila kilo inayotoka inaliziba pengo kidogo, na siku moja linazibika. Mwili haujakukasirikia. Umefika mahali ambapo chakula chako cha sasa kinautosha.

Je, wajua safari yako ya dukani imekuwa rahisi? Kutembea hugharimu nguvu kulingana na uzito unaobebwa. Aliyeshuka kutoka kilo 90 hadi 75 hutumia pungufu ya sehemu moja ya sita kwa njia ileile, ngazi zilezile, na jirani yuleyule wa kusimama naye. Beba mfuko wa unga wa kilo 15 hadi kituoni, kisha urudi mikono mitupu, utaona mwenyewe.

Na njaa? Hapa ndipo mwili unapocheza rafu. Mwaka 2016 watafiti, Hall akiwamo, walitazama kumbukumbu za wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakimeza kidonge kinachotoa sukari kupitia mkojo. Wagonjwa wale walikuwa wakipoteza kalori kila siku bila kuhisi, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kujibana wala kujipongeza. Ikaonekana kwamba kwa kila kilo iliyotoka, matumizi ya mwili yalishuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula ilipanda kwa kalori kama 100. Njaa, basi, huvuta kwa nguvu mara tatu au zaidi kuliko ule "umetaboli uliolala" unaolaumiwa kila mahali.

Leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwilini kuuarifu ubongo kwamba ghala limejaa, iligunduliwa mwaka 1994 kwenye maabara ya Jeffrey Friedman, New York. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo husikia kilio cha ghala tupu. Miaka mitano baadaye Wajapani wakaigundua ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha njaa. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2011 uliwapima watu 50 waliopunguza uzito: mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijatulia. Kwa hiyo mwenzako akikuambia "tumbo litazoea tu", muulize litazoea lini.

Je, wajua kwamba tunadanganya bila kukusudia? Mwaka 1992 jarida la tiba la New England lilichapisha habari za watu kumi walioapa kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui ng'o. Walipimwa. Umetaboli wao ulikuwa mzima kabisa. Ila chakula walichokula kweli kilizidi sana walichoandika: waliripoti pungufu kwa asilimia 47, na mazoezi yao wakayaongeza kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo, walikuwa wakikadiria kwa jicho, na jicho lenye njaa halijui kukadiria.

Niliposoma hayo nilicheka, kisha nikaenda jikoni. Nikachukua dumu la mafuta, nikamimina kwenye sufuria ya mchicha kama ninavyomimina siku zote, mzunguko mmoja na nusu, bila kufikiri. Halafu, kabla sijawasha moto, nikayamwaga mafuta yale kwenye bakuli na kuyapima kwa kijiko cha chakula. Vijiko vitano. Kijiko kimoja kina kalori 120 hivi, kwa hiyo sufuria ya mchicha, ile mboga yangu ya dayati niliyokuwa nikiisifu kila mahali, ilikuwa imebeba kalori 600 za mafuta. Tulikuwa wawili mezani, na mwenzangu hapendi mchicha.

Tangu siku ile kijiko kinaning'inia kwenye msumari karibu na jiko. Viwili vinatosha, mchicha haujalalamika.

Haraka haraka sasa, vya mezani. Chapati ya kukunja hunywa kijiko cha mafuta au zaidi, kabla hujahesabu unga. Kikombe kimoja cha tui zito kinaweza kuvuka kalori 400. Kiganja cha karanga, gramu 30 hivi, kina 170, na hakuna anayekula kiganja kimoja. Chupa ndogo ya soda, ile ya mililita 300, ina sukari gramu 30 hivi. Bia ya nusu lita ni kalori 200 na kitu, wala hatujaigusa nyama choma. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni karibu kalori 145 kwa siku. Irudie ile hesabu ya 24 uone ni kilo ngapi zimekaa ndani ya birika.

Je, wajua kwamba Wahadza hawachomi kalori kutuzidi? Hili ndilo linaloniduwaza kuliko yote. Kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wapo Wahadza wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kuokota matunda na ubuyu. Herman Pontzer na wenzake waliwapima kwa njia iliyo sahihi kuliko zote: unampa mtu maji ya kunywa yenye hidrojeni na oksijeni nzito kuliko za kawaida, kisha kwa siku kadhaa unapima mkojo wake na kuona ametumia nguvu kiasi gani. Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6, achilia mbali kuchimba ardhi ngumu kwa mti uliochongwa. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, Mhadza alitumia kalori sawasawa na karani wa Marekani anayeshinda kitini.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukiutumikisha sana huku, unabana kule: kwenye uvimbe wa ndani, kwenye homoni za msongo, kwenye shughuli usizoziona. Wapo wataalamu wanaobishana naye juu ya ukubwa wa ubanaji huo, na mjadala haujafungwa. Lakini kwa aliyeganda, somo ni la moja kwa moja: kuongeza nusu saa ya kukimbia bila kugusa sahani mara nyingi hakuusogezi mzani kama unavyotarajia. Kukimbia kuna faida nyingine tele, kwa moyo, sukari, usingizi na akili. Kimbia kwa ajili ya hizo.

Hata hivyo kuna kutembea usikokupangia. James Levine wa Mayo Clinic aliwashibisha watu 16 kwa kalori 1,000 za ziada kila siku, wiki nane mfululizo, kisha akachapisha matokeo mwaka 1999. Kuna aliyeongezeka mafuta chini ya nusu kilo, na kuna aliyeongezeka zaidi ya kilo nne. Sehemu kubwa ya tofauti ilitoka kwenye vijitendo: kusimama, kutikisa mguu, kwenda na kurudi. Kwa anayefanya dayati mambo hugeuka. Bila kujua, unakaa zaidi, unamtuma mtoto dukani, unapanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi. Nilijichunguza kwa wiki moja nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha kuinuka hata kufuata rimoti.

Je, wajua kuhusu wale 36 wa Minnesota? Mwishoni mwa Vita ya Pili ya Dunia, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani na dhamiri zao, wakajitolea kukaa na njaa ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa nchi zilizoharibiwa na vita. Wiki 24 za chakula cha nusu. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Waliota chakula, walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Na miguu yao ilivimba maji. Mwili ulikuwa ukipoteza nyama na mafuta huku ukijaza maji, kwa hiyo mzani ulificha sehemu ya kilichokuwa kikitoka. Keys alichapisha yote mwaka 1950, katika majuzuu mawili mazito.

Sisi hatuli kama wale vijana, lakini maji hutuchezea vilevile. Chakula chenye chumvi nyingi jioni, siku za kabla ya hedhi, misuli iliyouma baada ya mazoezi mapya, usingizi mbovu: kila kimoja kinaweza kushikilia maji ya kilo moja au mbili kwa siku kadhaa. Lita moja ya maji uliyokunywa sasa hivi ni kilo moja hapohapo. Ukijipima mara moja kwa wiki, saa tofauti, ukiwa umeshiba leo na wiki ijayo una njaa, unapima maji na foleni ya choo. Jipime kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, halafu tafuta wastani wa siku saba na uulinganishe na wa wiki iliyopita. Wastani ukikaa palepale wiki nne, hapo ndipo useme umeganda. Na usisahau mkanda: tundu likisogea ilhali mzani hausogei, kuna mafuta yanayoondoka.

Umri? Utafiti wa mwaka 2021 kwenye jarida la Science, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 95, ulionyesha kwamba umetaboli hukaa palepale tangu miaka 20 hadi 60. Nilikuwa nimeitumia ile "nimefika arobaini, shoga" kwa muda mrefu. Nimeirudisha kabatini.

Misuli? Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kalori 13 hivi kwa siku. Ya mafuta, nne na nusu. Kwa hiyo kuongeza kilo mbili za misuli hakukupi ruhusa ya andazi hata moja. Nyanyua vitu vizito kwa sababu nyingine: dayati isiyo na mazoezi ya nguvu hula misuli pamoja na mafuta.

Protini nayo ina ujanja wake. Katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 huishia kwenye kazi ya kuisaga yenyewe. Kwa wanga ni 5 hadi 10, kwa mafuta hazifiki hata tatu. Isitoshe, hushibisha. Dagaa, maharage, mayai, maziwa mgando, choroko: aliyeganda akibadilisha nusu ya ugali wake kwa bakuli la maharage anaweza kushangaa mwenyewe saa kumi jioni, muda wa andazi ukipita bila kuulizana.

Je, wajua kwamba usingizi huchagua kitakachotoka? Mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwaweka watu kumi kwenye dayati ileile mara mbili, wiki mbili kila mara. Awamu moja walipewa nafasi ya kulala kwa saa nane na nusu, nyingine kwa saa tano na nusu. Mzani ulisema wamepungua sawa, kilo tatu hivi. Lakini mafuta yaliyotoka walipolala vizuri yalikuwa kilo 1.4, na walipokesha, kilo 0.6. Kilichobaki kilitoka kwenye misuli na maji.

Mafuta hutokea wapi, kwanza? Wengi husema jasho. Mwaka 2014 Waaustralia wawili, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu za kikemia: katika kilo 10 za mafuta yaliyochomwa, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni, na 1.6 hugeuka maji. Usikimbilie kuhema, kuhema kwa makusudi kutakupa kizunguzungu tu.

Chai za kusafisha tumbo? Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko kalori zake zimeshanyonywa zamani. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Kesho yake maji yanarudi.

Wenye kufunga Ramadhani wanalijua hili kwa vitendo. Wengi hupungua kilo moja hivi kwa mwezi mzima, na wiki chache baada ya Idi imesharudi. Lakini nani asiyejua kwa nini? Futari ina mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati na sharubati, na mpishi ni shangazi ambaye hakubali sahani irudi na kitu.

Mwaka 2016 Hall huyohuyo aliwafuatilia washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani cha kupunguza uzito, miaka sita baada ya taa kuzimwa. Walikuwa wamepungua kilo 58 kwa wastani. 41 zilikuwa zimerudi. Miili yao bado ilitumia kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Wala si kwa walioshindwa pekee: waliobaki wamepungua zaidi ndio waliobanwa zaidi. Hilo nalisema kwa ajili ya wale wanaomtazama mnene na kuona uvivu.

Hata sindano mpya zinagonga ukuta. Katika jaribio kubwa la semaglutide lililotangazwa mwaka 2021, watu walipungua karibu asilimia 15 kwa wastani, kisha mstari ukalala karibu na wiki ya 60. Dawa imeusogeza ukuta mbele, haijaubomoa.

Basi aliyeganda afanye nini? Kwanza apime kwa siku saba kila kinachopita mdomoni, mafuta kwa kijiko, karanga kwa mzani wa jikoni, bila kubadilisha chochote. Hapo mara nyingi jibu hujitokeza lenyewe. Asipoliona, aondoe kitu kimoja kidogo anachoweza kukiacha miaka mitatu, si kumi vya kuviacha siku tatu. Au apumzike. Katika jaribio moja la Australia, wanaume 51 wanene waligawanywa: kundi moja lilijibana wiki 16 mfululizo, jingine wiki mbili kujibana na wiki mbili kula kiasi cha kutosha tu bila kuongezeka. Waliopumzika walipungua kilo 14, wasiopumzika 9. Majaribio ya baadaye hayakupata tofauti kubwa namna hiyo, lakini wiki mbili za kula kistaarabu hazijamharibia mtu kazi. Anayetumia insulini, stiroidi au baadhi ya dawa za sonona, mwenye tatizo la tezi la homoni shingoni, mjamzito au anayenyonyesha, huyo amwone daktari kabla ya kugusa sahani.

Jumamosi nilipita tena kituoni. Nikampa kijana sarafu yake, nikapanda. Kilo 81 na nusu. Akatazama namba, akanitazama miguuni.

"Mama, leo umesahau kuvua viatu."